Pigo la Nakuja

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo saa nane mchana, na kwa vile karakana yetu imeezekwa bati tupu, hatukusikilizana tena hadi jioni. Nimenunua daftari hili kwa sababu moja tu, na nitaiandika kabla sijaanza kujidanganya: mguu wa kulia wa kaka unachelewa.

Nifafanue. Kaka anapiga dramu, mimi napiga gitaa la besi, Mwalimu anapiga gitaa na kuimba. Hiyo ndiyo bendi nzima, roki ya watu watatu wenye kazi zao. Mwalimu anafundisha hesabu. Kaka ni mtunza stoo ya magodoro, na humo ndimo tunamofanyia mazoezi, maana magodoro yanameza kelele na hakuna jirani aliyewahi kulalamika. Mimi ni fundi wa sofa: navuta kitambaa, nakaza, nagongomea vimisumari. Jumamosi iliyopita, kwenye wimbo wetu wa kufungulia, ngoma ya mguu ilikuja nyuma ya gitaa. Nyuma kidogo sana, mtu wa kawaida asingesikia. Lakini mpiga besi anaishi juu ya ngoma ya mguu, na ikiyumba yeye ndiye wa kwanza kujua. Nikachelewa pamoja naye ili isionekane.

Baba alianzia mguuni. Huo huo wa kulia. Alikuwa anajikwaa kwenye kizingiti, nasi tukamcheka. Mwaka wa pili mikono ikaanza kutetemeka, mwaka wa nne tukawa tunamlisha. Kaka sasa ana umri ule ule aliokuwa nao baba wakati tunacheka.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Vidole vimekufa ganzi asubuhi kwa baridi hii. Kaka kapanda ngazi ya stoo mara tatu mbele ya macho yangu. Hakujikwaa.

Jumamosi, 9 Machi

Amechelewa tena, nyimbo tatu kati ya nane. Mwalimu akasimamisha mazoezi. "Jamani, kuna mtu anavuta." Kuvuta, kwetu watu wa bendi, ni kuuburuza wimbo nyuma kama mtoto asiyetaka kwenda shule.

"Ni mimi," nikasema, haraka mno.

Kaka akanitazama kwa namna ambayo sikuipenda. Kisha akasema, "Hapana, ni mimi. Nitarekebisha."

Kwa hiyo anajua. Hilo ndilo lililonikosesha hamu ya kula. Baba naye alikuwa anasema atarekebisha.

Jumanne, 12 Machi

Redio imeanzisha balaa. Yule mtangazaji wa kipindi cha Jumamosi alasiri ametangaza kwamba msimu huu wasikilizaji watajadili na kupiga kura ni mpiga dramu gani wa bendi zetu za roki ana ufundi kuliko wenzake, na mwezi wa tano wanaoongoza watapambanishwa ukumbini. Karakana imegawanyika kabla ya chai. Bosi wetu, Fundi Mkuu, yuko na kijana wa bendi moja ya upande wa pili wa mji ambaye watu wanamwita Cherehani. Ukimsikia utajua kwa nini.

"Ufundi ni mkono," Fundi Mkuu akasema. "Yule kijana ana mikono minne. Jaribu kuhesabu mapigo yake ya dakika moja, utachoka wewe kabla yake."

Mama Sponji, mwenzangu anayekata sponji za mito, hakuinua hata kichwa. "Kama wingi wa mapigo ndio ufundi, basi mvua hii juu ya bati ndiyo bingwa wao wote."

Tulicheka hadi Fundi Mkuu akanuna. Halafu Mama Sponji akasema kura yake ni ya kaka yangu, na cheko langu likakatika. Sitaki wamsikilize. Mtu akijadiliwa ufundi, atachunguzwa.

Jioni Mwalimu kanipigia simu, sauti ya chini kama anaiba. "Nakuambia wewe kwanza kwa sababu ni kaka yako. Asipokaa sawa kufikia mwisho wa mwezi, natafuta mpiga dramu mwingine." Nikamwomba asubiri. Kaka hana kingine. Anahesabu magodoro siku sita za juma ili ya saba apige.

Jumamosi, 16 Machi

Tulipiga ukumbini alasiri, redio ikirusha moja kwa moja. Kaka alichelewa karibu kila wimbo. Nilikuwa namfuata kama mtu anayetembea na mgonjwa, nusu hatua nyuma, huku jasho likinitoka. Tulipomaliza nilijua kazi imeharibika. Kisha mtangazaji akashika kipaza sauti:

"Wasikilizaji, mmemsikia huyu bwana? Anakusubirisha! Ni kama yule mtu anayekuambia kwenye simu 'nakuja, nakuja,' na wewe unajua hata viatu hajavaa. Tofauti ni kwamba huyu anafika! Tumwite nani kama si Nakuja?"

Ukumbi mzima ukapiga kelele: Nakuja! Nakuja! Kaka akainamisha kichwa nyuma ya matoazi yake. Mwalimu, yule yule wa simu ya Jumanne, akamkumbatia na kuwaambia watu kwamba ndio mtindo wetu mpya. Mimi nilitaka kumshika mkono nimtoe pale. Nilifurahi pia, siwezi kusema uongo humu. Nilifurahi na kutaka kumtoa.

Jumatano, 20 Machi

Nimekwenda kwa wifi, mke wa kaka, wakati kaka yuko kazini. Nikazunguka mbuyu weee, mwishowe nikamwomba amwangalie mguu: anajikwaa? Anauburuza? Kiatu cha kulia kimelika upande?

Wifi akanimiminia chai. Kisha akasema, "Wifi yangu, mtu akiona dalili aende hospitali mapema. Asiogope, asisubiri."

"Ndiyo hasa! Umwambie hivyo hivyo!" nikasema.

Akanitazama ninavyokunywa chai, nimekumbatia kikombe kwa mikono miwili, akaguna. Nadhani naye ana hofu kama yangu ila hataki kuikiri.

Jumamosi, 23 Machi

Mvua. Mazoezi. Kachelewa. Sasa Mwalimu anatabasamu anapochelewa.

Alhamisi, 28 Machi

Hakuna kazi inayofanyika tena, ni Cherehani na Nakuja kutwa. Leo hata mteja aliyeleta kochi lake livishwe kitambaa kipya aliliketia papo hapo, likiwa nusu uchi, akajiunga na mjadala. Yeye anasema Nakuja hana ufundi wowote, ni mzito tu, na watu wanausifia uzito wake kwa sababu redio imewaambia wausifie.

Mama Sponji akasimama na kisu chake cha sponji mkononi. "Kosa huja popote. Huyu anachelewa mahali pale pale, kwa kiasi kile kile. Mtu anayekosea kwa kipimo si mkosaji, ni fundi."

"Au ana kilema," mteja akasema.

Nikamkazia macho. Wote wakanigeukia. Fundi Mkuu akauliza, "Wewe ndiye uko naye. Anafanya makusudi, hafanyi makusudi?"

"Makusudi," nikasema. "Anafanya makusudi kabisa."

Nimeapa mbele ya watu kwa jambo nisilolijua. Nikarudi kwenye kiti changu nikagongomea vimisumari vinne, viwili vikapinda.

Jumanne, 2 Aprili

Leo imenichanganya zaidi. Mwalimu alikuja mazoezini na kile kidude cha kuhesabia mapigo, kinacholia tik, tik, tik bila huruma. Akasema anataka kujua hesabu ya mtindo wa Nakuja: ni sehemu ngapi ya pigo anachelewesha, ili na yeye aizoee. Akamwambia kaka apige peke yake.

Kaka akapiga dakika tano nzima. Mguu ulikuwa juu ya tik kama msumari juu ya mbao. Sikusikia hata pigo moja lililoteleza. Mwalimu akafurahi: "Unaona? Akitaka anawahi! Haya, sasa pamoja na besi."

Kaka akaweka vijiti chini. Akasema ana kiu. Alipomaliza maji akasema inabidi afunge stoo, kuna lori litakuja. Hakukuwa na lori lolote, nilichungulia.

Nilitembea na mvua hadi nyumbani nikiwaza. Baba naye siku ya kwanza kwa daktari alitembea amenyooka, akazunguka chumba chote kama askari, tukarudishwa nyumbani. Ugonjwa ule ulijua kujificha mbele ya mwenye kupima.

Jumamosi, 6 Aprili

Mwandiko wangu leo ni wa kuku. Kalamu hii mbaya.

Jumanne, 9 Aprili

Nyundo imeniponyoka ikaangukia mguu wa kiti cha mteja, mbao ikapasuka. Fundi Mkuu kanisema mbele ya watu. Alikuwa na haki. Akili yangu haiko hapa. Usingizi wenyewe wa mang'amung'amu, naamka mkono umekufa ganzi kwa kuulalia.

Jumapili, 14 Aprili

Nitajaribu kuandika yote ya leo ingawa mkono umechoka.

Ukumbi ulijaa hadi mlangoni. Tulifika kwenye wimbo wa polepole, ule ambao katikati gitaa linanyamaza, tunabaki kaka na mimi tu: besi mara mbili, ngoma ya mguu mara mbili. Ni mahali pepesi, tumepapiga miaka tisa. Gitaa likanyamaza. Mguu wa kaka haukuja.

Haukuchelewa. Haukuja. Nami sikusikia noti yangu pia, nilikuwa nimeganda namtazama. Kimya kilikuwa kirefu hadi nikasikia mvua nje. Mtu mmoja ukumbini akakohoa. Niliona goti la kaka limeinuliwa, limening'inia hewani, halishuki, na nikaona wazi kabisa miaka minne iliyo mbele yetu, kijiko, kitambaa cha kumfuta mdomo, wifi akimgeuza kitandani. Kisha noti yangu ikatoka, sijui hata ilitokaje, na goti likashuka nayo wakati ule ule. Dum.

Ukumbi ulilipuka. Watu walisimama juu ya viti. Mtangazaji alikuwa anapiga kelele kwamba katika maisha yake hajaona mpiga dramu mwenye ujasiri wa kunyamaza kiasi kile. Sasa kaka ndiye anayeongoza, Cherehani anamfuata.

Nikaenda kujifungia chooni nikalia hadi pua ikaziba. Wanashangilia baba yangu akijikwaa, ndivyo nilivyoona. Na mimi ndiye niliyewaapia kwamba ni makusudi.

Kesho naenda kwa wifi. Ikibidi tumfunge kamba tumpeleke hospitali.

Jumatatu, 15 Aprili

Sikwenda kazini. Nimefika kwa wifi nimelowa chapachapa, hata salamu sikutoa.

"Mguu umekataa kabisa jana. Umeona mwenyewe? Umemwangalia kama nilivyokuomba?"

Wifi akakaa chini. Akashika kichwa. Halafu akapasuka.

"Nimechoka na ninyi wawili! Wewe unakuja hapa kwa siri, wifi mwangalie mguu. Yeye akirudi jioni, kwa siri, mke wangu mwangalie mkono. Mwangalie anavyoshika kikombe. Mwangalie anavyofunga vifungo. Mpeleke hospitali lakini usimwambie nimesema mimi. Mimi ni mke wa mtu hapa au ni polisi?"

"Mkono wa nani?" nikauliza.

Akainuka. Akachukua kikombe mezani akaniwekea mbele yangu. "Kiinue. Mkono mmoja."

Mkono wa kulia. Nilikiinua. Kilifika usawa wa kifua, kikaanza kuinama chenyewe, nikakidaka kwa mkono wa kushoto kabla hakijamwagika. Ndipo nikaona kwamba huo ni mwendo niliouzoea.

Jumanne, 16 Aprili

Nimerudia kusoma daftari hili tangu mwanzo. Ganzi, ganzi, kalamu mbaya, nyundo. Niliyaandika mwenyewe kwa mkono huo huo.

Nilimkuta kaka stoo anahesabu magodoro. Nikauliza tangu lini.

Hakujifanya haelewi. "Tangu kabla ya mvua. Ule wimbo wa kufungulia. Nilisikia kidole chako cha pili hakiji. Nikaushikilia mguu hadi kije."

"Kila mara?"

"Kila mara nisipokisikia."

"Mimi nilikuwa nachelewa kwa sababu yako! Nilikuwa nakufuata wewe!"

"Na mimi nilikuwa nakufuata wewe," akasema. "Ndiyo maana Mwalimu alikuwa anateseka."

"Alitaka kukufukuza, unajua hilo?"

"Najua. Angenifukuza mimi, wewe ungebaki. Ningekuambia ukweli, ungeacha kesho yake. Nakujua, mdogo wangu, huna breki."

Nikamwambia nilidhani ni mguu, nilidhani ni kama baba. Uso wake ukabadilika. Jambo hilo halikuwa limempitia akilini hata kidogo. Akapanda juu ya rundo la magodoro saba, mtu mzima wa miaka hamsini na moja, akasimama kwa mguu wa kulia peke yake, mikono ameitanua, akasema, "Mguu huu? Huu?" Godoro likabonyea, akaanguka chali. Tulicheka tukashindwa kuinuka. Mimi ndiye niliyeanza kulia, kisha yeye. Kumbe naye alikuwa anahesabu miaka ya baba, ila alikuwa ananihesabia mimi.

Jumatano, 24 Aprili

Hospitali. Daktari kagonga kifundo cha mkono wangu kwa ncha ya kidole, umeme ukapita hadi kwenye vidole, nikaruka. Mshipa wa fahamu umebanwa. Miaka kumi na tisa ya kuvuta vitambaa na kupiga nyundo, na juu yake besi. Si ugonjwa wa baba. Nilimfanya arudie mara tatu, hata kaka akaniambia niache. Upasuaji utazuia usiendelee. Kilichokwisha kupotea, amesema, hawezi kuniahidi.

Nikauliza kuhusu besi. Akauliza besi ni nini. Kaka akamweleza, kwa mikono. Daktari akatazama ile nyama iliyonywea chini ya kidole gumba changu, akasema polepole kwamba kama angekuwa mimi angetafuta burudani nyingine.

Ijumaa, 26 Aprili

Mvua. Nimemwambia Mwalimu. Akauliza, "Kwa hiyo mtindo wetu ni vidole vyako?" Nikasema ndiyo. Akasema poleni, akakata simu, akapiga tena akisema pole, ya peke yangu safari hii.

Jumamosi, 4 Mei

Wamempata mpiga besi, dereva wa teksi. Ana vidole safi. Nimemfundisha nyimbo zote nane kwa mdomo.

Jumatano, 8 Mei

Kesho napasuliwa mkono. Naogopa.

Jumatatu, 20 Mei

Naandika kwa mkono wa kushoto. Nimeanza saa tatu asubuhi, msinicheke.

Jana ilikuwa siku ya pambano. Niliketi ukumbini kati ya Fundi Mkuu na Mama Sponji, mkono umefungwa bandeji hadi kiwiko. Cherehani alitangulia, akashona ukumbi mzima, na Fundi Mkuu akawa anamhesabia mapigo kwa sauti kama mnadani. Kisha wakapanda wetu.

Kaka hakuchelewa hata mara moja. Dereva wa teksi alikuwa na noti zake kwa wakati, na mguu ulikuwa sawia nazo, umetulia, umenyooka. Nilisikiliza kila pigo nikiwa nimebana pumzi. Kwenye wimbo wa polepole, pale gitaa linaponyamaza, ukumbi mzima uliegemea mbele kungoja kile kimya. Hakikuja. Besi mara mbili, ngoma mara mbili, wakapita.

Nilihisi watu wakirudi nyuma kwenye viti vyao.

"Wamemharibu Nakuja wangu," Mama Sponji akasema, karibu kulia.

"Hakuna aliyemharibu," Fundi Mkuu akasema. "Amefika, na kumbe alikuwa hajabeba kitu. Anapiga kama saa ya ukutani." Akanigeukia. "Wewe uliyekuwa naye, ule ufundi ameupeleka wapi?"

Nikawaambia. Sikuficha chochote: vidole, mguu, noti iliyokuwa haiji, kaka akiingoja na goti hewani mbele ya watu mia tatu. Nikasema kushikilia mguu kwa kipimo cha kidole cha mtu mgonjwa usichokiona, wimbo baada ya wimbo, bila mtu kujua hata mgonjwa mwenyewe, Cherehani hajawahi kupiga kitu kigumu hivyo na hatakipiga.

Wakanisikiliza hadi mwisho. Kisha Fundi Mkuu akanipigapiga bega. "Damu nzito. Dada mtu lazima umtetee." Hata Mama Sponji alitazama pembeni. Mtangazaji alimpa Cherehani ushindi, na kuhusu kaka akasema tu kwamba kila mtindo una mwisho wake.

Kaka alitoka kwa mlango wa nyuma, vijiti mfukoni. Mvua ilikuwa inanyesha nyembamba, ya kumalizia msimu.

"Wamesemaje?"

"Wamesema umekwisha."

Akacheka. "Na wewe?"

"Umewahi," nikasema. "Kila pigo." Ilinitoka kwa shida, maana nilikuwa na hasira na watu wale, na nilikuwa namwonea fahari, na nilikuwa naitaka besi yangu.

Akasema twende, wifi ametuwekea chakula. Nikajaribu kufungua mwavuli kwa mkono wa kushoto, ukagoma, nikaubana kwapani, nikajaribu tena. Akanyoosha mkono kunisaidia, nikamkatalia. Nikamwambia atangulie tu, nakuja.

Akasema sawa, akabaki amesimama pale pale kwenye mvua.